Kwenye Njia ya Mushtari

Stima ilipotea saa sita usiku ikikaribia, na Islii ikanyamaza. Haikunyamaza kwa muda mrefu. Jenereta za upande wa First Avenue zilianza kukohoa moja baada ya nyingine, na muda si muda maghorofa ya biashara yakawaka tena kana kwamba hayakuwahi kuzimika. Jengo letu halina jenereta. Nilipanda juu ya paa, kule tunakoanika nguo, nikapenya kati ya leso na shuka za watu hadi kwenye ukuta wa pembeni, nikainua macho.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba 2024. Mushtari ilikuwa juu sana, imeegemea kaskazini, nyeupe yenye umanjano, imetulia bila kumetameta, na Kilimia upande wake wa magharibi kama vumbi lililoshika mwanga. Tarehe 7 ya mwezi huo Dunia ilipita katikati ya Mushtari na Jua. Siku kama hizo sayari hiyo huchomoza jua linapotua na kuzama jua linapochomoza, kwa hiyo mtu hana sababu ya kuikosa isipokuwa taa za mtaani.

Nilinyoosha mkono na kukunja ngumi. Ngumi ya mtu mzima, mkono ukiwa umenyooka, hufunika nyuzi kumi hivi za anga. Nikahesabu ngumi saba kutoka Mushtari kuelekea mashariki, nikaishia juu ya kambi ya jeshi la anga, uwanja uleule ambao ndege za abiria za Nairobi zilikuwa zikitua kabla Embakasi haijafunguliwa mwaka 1958. Nikarudi kwenye sayari, nikahesabu ngumi saba kuelekea magharibi, nikafika juu ya mapaa ya Pangani. Sikuona kitu. Nyota chache za kawaida, na giza katikati yake.

"Mwalimu, unatafuta mtandao?"

Alikuwa mama wa Kihabeshi wa ghorofa ya pili, anayeuza kahawa kwenye kibaraza cha jengo. Alikuja kuanua nguo kabla umande haujazishika, akaona mkono umenyooshwa gizani, akadhani nina simu.

"Natafuta mawe, mama."

"Mawe? Huko juu?" Akacheka. "Nani kayatupa?"

Hakujua kwamba swali lake limewaumiza vichwa watu wenye vyeo na darubini kubwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mawe yenyewe ni asteroidi zinazozunguka Jua kwenye njia ileile ya Mushtari. Si miezi ya sayari hiyo, kwa maana haziizunguki, wala si makombo yaliyomeguka kwake. Ni makundi mawili. Moja limeitangulia kwa nyuzi 60 na jingine linaifuata kwa nyuzi 60, na yote humaliza mzunguko kwa muda uleule wa sayari, miaka 12 kasoro kidogo. (Nyuzi 60 ni kwa anayepima akiwa kwenye Jua. Sisi usiku ule tulikuwa tumesogea karibu na Mushtari, ndiyo maana ngumi zangu zilifika saba.) Zinazojulikana mpaka sasa ni zaidi ya 10,000, na kundi la mbele lina mawe mengi kuliko la nyuma. Mtu wa Islii akisikia neno kundi huiwaza First Avenue siku mbili kabla ya Idi, mkokoteni kwenye kisigino chako na begi la mtu kwenye mbavu zako. Huko sivyo. Hektor, kubwa kuliko mengine yote, lina urefu unaozidi kilomita 200, lakini ukiyakusanya mawe yote ya makundi mawili unapata sehemu ndogo tu ya Mwezi wetu, na chombo kinaweza kulipita kundi zima katikati bila kuona jiwe hata moja kama hakikulengwa kwenye jiwe fulani.

Nilijaribu kumweleza kwa mafiga. Weka Jua figa la kwanza na Mushtari figa la pili. Kati yao kuna kilomita milioni 778. Sasa tafuta mahali pa figa la tatu, ili kila figa liwe mbali na mengine kwa umbali uleule. Pako mahali pawili tu kwenye njia ya Mushtari, mbele na nyuma. Kitu kikiwekwa hapo, mvuto wa Jua na mvuto wa sayari hupatana, na kitu hicho huzunguka pamoja nao bila pembetatu kuvunjika.

"Na hapo pana nini?"

"Hapana kitu. Pana hesabu."

Aliyeipata hesabu hiyo ni Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Turin, mwaka 1772, alipokuwa akifanya kazi Berlin. Mwenyewe aliona ni jambo la kuburudisha akili tu, maana mbinguni hakukuwa na mfano wake wowote. Alifariki mwaka 1813 bila kuuona. Ulipita muda wa miaka 134 tangu aandike, hadi usiku wa tarehe 22 Februari 1906, Max Wolf wa Heidelberg alipopiga picha ya anga na kukuta kidoa kilichotangulia Mushtari kwa umbali wa kutia shaka. Kikaitwa Achilles. Mwaka huo Nairobi ilikuwa kambi ya reli iliyoanza kujiona mji, ina miaka saba, na huku kwetu kulikuwa nyasi na udongo mweusi unaonata.

Kinachonivutia mimi si kwamba Lagrange alikisia sawa. Ni namna mawe yanavyokaa pale, kwa sababu hayakai. Chukua jiwe la kundi la mbele lililozembea, linarudi nyuma kuelekea Mushtari. Sayari inalivuta, na ungedhani sasa limekwisha. Lakini mvuto huo unatoka nyuma yake, kwa hiyo unalipunguzia nguvu, na kitu kinachozunguka Jua kikipungukiwa nguvu hushuka kwenye njia ya ndani zaidi. Njia ya ndani ni fupi, tena mwendo wake ni wa kasi. Nchi hii haina mtoto asiyejua faida ya mstari wa ndani kwenye uwanja wa riadha. Basi lile jiwe lililovutwa nyuma linaishia kukimbia mbele, linaiacha sayari na mvuto wake. Likienda mbali mno, mizani ya Jua na Mushtari hulipandisha kwenye njia ya nje, ndefu na ya polepole, nalo huanza kurudi. Kwenda na kurudi huko huchukua karibu miaka 150. Achilles, tangu siku ile ya Heidelberg, hajamaliza bembea moja.

Lipo jambo jingine ambalo lilinichukua siku nyingi kulikubali. Ukiichora ramani ya nguvu zinazofanya kazi pale, figa la tatu halitokei kuwa bonde ambamo vitu huteremka na kutulia. Hutokea kuwa kilele cha kilima. Jiwe lililosimama juu ya kilima lingeporomoka. Haya hayaporomoki kwa sababu mfumo wote unazunguka, na kila jiwe linapoanza kuteremka, mzunguko hulipinda njia, likazunguka kilima badala ya kukiacha. Na lipo sharti: Jua lazima liwe na uzito usiopungua mara 25 hivi ya uzito wa sayari, la sivyo mambo yanavurugika. Jua letu limeishinda Mushtari mara 1,047. Nafasi ni tele.

Mama wa kahawa alisikiliza kwa adabu, akikunja shuka. Nadhani nilimpoteza kwenye kilima.

Nilimrudisha kwa jina. Mushtari, nilimwambia, kwa Kiarabu ni mnunuzi. Neno moja kwa sayari na kwa mtu anayelipa. Kamusi zetu za Kiswahili nazo zina mshitiri, mnunuzi, ingawa Nairobi neno hilo limeshindwa na kastoma. Wanajimu waliitaja sayari hiyo kuwa nyota ya bahati kubwa. Hilo alilielewa mara moja, akaangalia juu kwa heshima mpya. Mtaa ambao tangu asubuhi mpaka usiku hausemi neno lolote zaidi ya "Kastoma! Karibu, kastoma!", na kumbe kastoma mwenyewe ameketi juu ya utosi wake, na hakuna aliyemwona kwa sababu ya taa za maduka zilizowashwa ili aonekane.

Nilipohamia huku nilidhani biashara ya Islii ni kelele. Baadaye nilianza kuwatazama wachuuzi wanavyotembea. Mchanga wa kazi hukushika mkono, nawe hunyakua mkono wako na kuondoka. Mzoefu hakushiki. Anakutangulia hatua kumi, dera mbili zimelala begani mwake, hakuangalii, ila kila ukigeuka unakuta rangi ileile mbele yako. Au anabaki nyuma, anaongea na mwenzake kuhusu bei, kwa sauti unayoweza kuisikia. Ukipunguza mwendo anapunguza. Nimewahi kununua soksi sita kwa njia hiyo, na sikuhitaji soksi. Hapa mfano wangu unaishia, maana mchuuzi anamwona mnunuzi na jiwe halioni chochote, lakini tangu siku hiyo siwezi kusoma habari za yale makundi mawili bila kuikumbuka miguu ya watu wa First Avenue.

Na mtaa wenyewe ulianza vipi kulizunguka soko? Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika mji uliopanga makazi kwa rangi ya mtu, Wahindi na Wasomali walijikuta mashariki mwa reli na mbali na vilima vyenye ubaridi. Jina ni la Kiingereza, Eastleigh, linafanana na la mji wa Hampshire. Midomo yetu ililifupisha likawa Islii, na Islii limebaki. Kisha Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu. Watu walifika na walichoweza kubeba. Kulikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, na waliopanga vyumba vyake walianza kuuza vitu kutoka vyumbani humo: mchana kitanda ni meza ya duka, usiku bidhaa ziko chini na mwenyewe amelala juu yake. Baada ya muda wanunuzi wakawa wengi kuliko wageni, na nyumba ikageuka maduka matupu. Maghorofa yote yale yenye jenereta ni watoto na wajukuu wa vile vyumba. Wakati huohuo walikuja Waoromo na Wahabeshi, Wameru walikuwa tayari na miraa yao, Wakikuyu na Wakamba walikuwa na vibanda vyao, na kila mmoja alifika kwa nguvu ambayo hakuiamuru mwenyewe.

"Nani kayatupa?" Jibu ambalo wataalamu wengi wanalipa uzito lilichapishwa mwaka 2005 na Alessandro Morbidelli, Harold Levison na wenzao. Zamani, wanasema, sayari kubwa hazikuwa zilipo leo. Zilihama. Zilipohama, mpangilio wote wa nje ulitikisika, mawe ya njia ya Mushtari yakamwagika, na mawe mengine yaliyokuwa yakizagaa kutoka mbali zaidi na Jua yakapita hapo. Ghasia zilipotulia, yaliyokuwa karibu na figa la tatu wakati huo yakanaswa. Ndiyo maana, wanasema, rangi zao hazilingani: mengi ni mekundu ya kuiva, mengine ya kijivu. Yamelala kundi moja lakini hayakuzaliwa pamoja.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ghorofa yetu." Sikumwongezea neno.

Sasa majina, maana hapo ndipo ninapogombana na wanaastronomia. Baada ya Achilles, mawe yaliyofuata yalipewa majina ya mashujaa wa vita vya Troya, pendekezo la Johann Palisa wa Vienna. Baadaye ikawa kanuni: wa kundi la mbele wawe Wagiriki, wa kundi la nyuma Watroya. Vita vya zamani vikapandishwa mbinguni, kambi mbili zikatazamana kutoka pande mbili za sayari. Ila kanuni ilichelewa. Jiwe la Oktoba 1906 lilikuwa limekwisha kuitwa Patroclus, rafiki wa Achilles, na liko nyuma, kwa Watroya. La Februari 1907 liliitwa Hektor, shujaa mkuu wa Troya, na liko mbele, kwa Wagiriki. Vitabu hupenda kufanya mzaha: hao wawili, husema, ni majasusi, kila mmoja kwenye kambi ya adui.

Sicheki. Hektor lilikuwa pale kabla ya mtu yeyote kupageuza pale kuwa Ugirikini. Mstari ulichorwa baadaye, na aliyeuchora alipokuta mtu upande usiotakiwa, hakusema mstari wangu umekosea. Alisema huyu ni jasusi. Novemba 1989 Wakenya Wasomali waliamriwa kupigwa msasa upya ili wathibitishe uraia, wakiwemo watu ambao baba zao walizikwa nchi hii, na waliofaulu wakapewa kadi za rangi ya waridi za kutembea nazo. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, ulikuja msako ulioitwa Usalama Watch: milango ya Islii iligongwa usiku, na maelfu walipelekwa uwanja wa Kasarani kuhojiwa wao ni akina nani. Baadhi ya waliogongewa walikuwa wenye mtaa kabla ya mtaa kuwa na jina la kuitwa mtaa wa wageni. Nikisoma kwenye kitabu cha nyota kwamba Hektor ni jasusi, naliona likitafuta kitambulisho chake mfukoni, mlango ukigongwa.

Majina ya Troya yenyewe yalielekea kuisha. Mawe yalizidi mashujaa. Tangu mwaka 2018 mawe madogo ya njia ya Mushtari yanaruhusiwa kupewa majina ya wanariadha wa Olimpiki, na hilo nalipenda kuliko vita. Jiwe liitwalo Eurybates lina mwezi wake mdogo, nao umeitwa Queta, kwa heshima ya Enriqueta Basilio, Mmexico, mwanamke wa kwanza kuwasha mwenge mkuu wa Olimpiki. Aliuwasha Mexico City tarehe 12 Oktoba 1968. Siku iliyofuata, mbele ya moto huo, Naftali Temu alishinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kwa hiyo mtu akiniuliza Kenya inahusiana vipi na mawe ya Mushtari, mimi humwambia: moto aliokimbilia Temu una jiwe lake huko.

Liko pia jiwe moja ambalo halikubali kambi yoyote. Liligunduliwa kutoka Hawaii, na jina lake la Kihawaii ni Kaʻepaokaʻāwela. Linatumia nafasi ya Mushtari lakini linaenda kinyume, kama matatu iliyoamua kwamba Juja Road yote ni yake. Kila mzunguko linapishana na sayari mara mbili, mara moja kwa ndani na mara moja kwa nje. Mvuto wa kwanza unalisukuma huku, wa pili unalirudisha, na hesabu zinaonyesha kwamba mchezo huo unaweza kuendelea kwa miaka milioni moja bila ajali. Sina la kuongeza. Madereva wetu wasisome aya hii.

Mpaka hapa mama alikuwa amemaliza kuanua, ila hakushuka. Kule chini kulikuwa giza na joto, na hapa juu kulikuwa na upepo. Alikaa juu ya tangi la maji lililofunikwa, akauliza kama kuna mtu amewahi kwenda kuyaona hayo mawe.

"Kipo chombo njiani," nikasema. "Kinaitwa Lucy."

"Lucy wa wapi?"

"Wa kwenu."

Hilo halikuwa utani. Tarehe 24 Novemba 1974, huko Hadar katika nchi ya Waafar, Donald Johanson na Tom Gray waliona mfupa wa kiwiko ukitokeza kwenye mteremko. Walichokusanya kilikuwa karibu asilimia 40 ya mifupa ya mwanamke aliyeishi miaka milioni 3.2 iliyopita. Jioni ile kambini walikuwa wakipiga kanda ya Beatles, na kutokana na wimbo uliokuwa ukirudiwa, wakamwita Lucy. NASA walipounda chombo cha kwenda kwenye mawe ya njia ya Mushtari, waliona kwamba mawe hayo ni kwa mfumo wetu wa jua kama mifupa ile ilivyo kwa binadamu, mabaki ya mwanzo, wakakipa jina hilohilo. Kiliruka Florida tarehe 16 Oktoba 2021.

"Yule si Lucy," mama akasema. "Yule ni Dinknesh."

Alilitamka kwa haraka, silabi mbili, bila ile i ya katikati inayoandikwa kwenye magazeti. Nikamwomba arudie. Akarudia, akaeleza: dink ni ajabu, na mwisho wake ni wewe, mwanamke. Wewe ni wa ajabu. "Si jina la kuitia mifupa. Ni kitu unamwambia mtu, anasikia vizuri."

Nikamwambia basi na hilo liko mbinguni. Tarehe 1 Novemba 2023, kikiwa bado mbali na Mushtari, Lucy kilipita kama kilomita 430 kutoka asteroidi ndogo ya upana usiofika kilomita moja, nayo ilikuwa imepewa jina Dinkinesh. Walitarajia jiwe moja. Picha zilipofika walikuta lina mwezi, na mwezi wenyewe ni mawe mawili yaliyogusana na kushikana, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona kwenye mwezi wa asteroidi. Wakauita Selam, jina la mtoto wa jamii ileile ya Lucy ambaye mabaki yake yalipatikana Dikika mwaka 2000 na kikosi cha Zeresenay Alemseged, Mhabeshi mwenyewe safari hii. Afrika Mashariki ilikuwa na neno angani hata kabla ya hapo. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru. Lakini Uhuru lilikuwa jina la chombo kilichotengenezwa na watu na baadaye kikaanguka. Dinkinesh ni jiwe, na litazunguka huko wakati sisi na lugha zetu tumesahaulika.

"Selam," mama alisema polepole. Kwake na kwa jirani Msomali na kwangu ni neno moja, tunaligawana kila asubuhi kwenye ngazi. "Na mawili yameshikana?"

"Yameshikana."

"Basi ni jina zuri."

Nikamtajia ratiba. Agosti 2027 Lucy kitaifikia Eurybates na mwezi wake Queta, katika kundi la mbele, lile nililokuwa nikilielekeza ngumi juu ya kambi ya jeshi. Septemba mwaka huohuo kitafika Polymele, kisha Leucus na Orus mwaka 2028. Halafu kitarudi kupita karibu na Dunia, kichukue msukumo, kiende upande wa pili kabisa, kwenye kundi la nyuma. Huko kuna Patroclus, yule wanayemwita jasusi, ambaye kumbe hakai peke yake: ni mawe mawili yanayokaribiana ukubwa, yanazungukana, na la pili limeitwa Menoetius, jina la baba yake. Wataalamu wanaamini jozi kama hiyo isingeokoka kama ingekaa muda mrefu kwenye msukosuko, kwa hiyo kuwapo kwake tu ni ushahidi kwamba uhamaji ule wa sayari ulitokea mapema.

"Watafika lini kwa huyo wa mwisho?"

"Machi 2033."

Alihesabu kwa vidole gizani. Mimi na yeye saa zetu hazipishani. Kwa Mhabeshi kama kwa Mswahili siku huanza kuhesabiwa alfajiri, na saa sita usiku ni saa sita usiku kwetu sote, wakati dunia nyingine inaiita kumi na mbili. Miaka ndiyo tusiyolingana. Kwa kalenda yao Desemba ile ilikuwa ya mwaka 2017.

"Kwetu itakuwa 2025," alisema. "Si mbali."

Stima ikarudi. Taa ya ngazi ikawaka, na televisheni ya mtu ikaanza katikati ya sentensi. Mama aliliinua beseni lake la nguo, akatazama mara moja zaidi upande wa mashariki, juu ya uwanja wa ndege, mahali ambapo nilimwambia hapana kitu, akaniuliza nimwonyeshe tena zile ngumi zinahesabiwa kuanzia wapi.